Servo Inayotetemeka Ina Njaa: Namna ya Kufunga SG90 Hadi Isukume Usukani wa Ngalawa ya Rimoti

Mara nyingi huanza hivi. Kijana anafika jioni, anatoa mfukoni kidude cha buluu, kidogo kuliko kiberiti, chenye waya tatu zilizosokotana. "Shikamoo fundi. Servo imekufa." Marahaba, lete niione. Naichomeka kwenye umeme wangu wa mezani, naipa ishara, inageuka kulia, inageuka kushoto, inatulia. Kijana ananitazama kama mtu aliyepelekwa kwa mganga akapona mlangoni.

Uganga hakuna. Servo ni mota ndogo inayogeuka hadi pembe uliyoiambia na kusimama hapo, na Arduino ni bodi ndogo ya programu inayoiongoza. Alikuwa amefunga servo nne kwenye pini moja ya 5V ya Arduino, na Arduino yenyewe inakula kutoka kwenye kompyuta. Walaji watano, kikombe kimoja cha uji. Servo ikikosa chakula haisemi. Inatetemeka, inagoma katikati ya safari, au inaiangusha bodi nzima, na mwenye nayo anaenda kununua nyingine ambayo nayo itatetemeka vile vile. Ndiyo maana hapa chini hatua ya umeme ni ndefu kuliko zote. Ukiisoma hiyo tu ukaacha nyingine, sitalalamika.

Tutaanza na servo moja mezani, tutaijua mipaka yake, kisha tutaifunga kwenye ngalawa ya mfano iliyotiwa mota ndogo na kuendeshwa kwa rimoti. Nimechagua chombo cha majini kwa makusudi. Gari la mfano likikosea linagonga ukuta, unalifuata. Ngalawa ikikosea inakwenda zake.

Andaa hivi: Arduino Uno au nakala yake, servo mbili za aina ya SG90, kile kidude cha buluu (ya pili ni kwa sababu ya kwanza utaiharibu, sote tuliiharibu), chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2, waya wa USB wa zamani usioutaka, kapasita ya mikrofaradi 470 iliyoandikwa volti 10 au 16, bredibodi (ubao wa vitundu wa kuungia waya bila kulehemu), waya za kuchomeka, na testa ya umeme yenye kioo cha namba. Testa usiiruke.

Hatua ya 1: Ijue uliyonunua

SG90 ina uzito wa gramu 9 na gia zake ni za plastiki. Ndugu yake MG90S ana umbo lile lile lakini gia zake ni za chuma, na uzito wake ni gramu 13 na ushee. Stika ya ubavuni isikudanganye, kwa sababu nakala ni nyingi na stika ni karatasi tu. Ukiwa na mizani ndogo ya kupimia viungo, iweke juu: "MG90S" yenye gramu 9 umeuziwa plastiki. Juu ya hizo kuna MG996R ya gramu 55, ambayo ni ya kazi nzito na ulaji wake pia ni mzito. Kwa leo tuiache.

Kuna mtego mwingine dukani. Servo ya kawaida hugeuka nyuzi 180 hivi na kusimama pale ulipoiambia. Lakini iko nyingine, sura moja, inayozunguka mfululizo kama gurudumu. Hiyo haijui iko pembe gani. Unaiambia mwendo na upande tu. Kwa magurudumu ya roboti ni nzuri sana, kwa usukani ni hasara tupu. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Ukiwa na shaka, zungusha kishina cha juu taratibu sana kwa vidole: ya kawaida itafika mahali ikagota. Taratibu, nimesema. Gia za plastiki huvunjika kwa pupa ya mkono kuliko kwa kazi.

Ndani ya kile kiboksi mna vitu vinne: mota ndogo, msururu wa gia unaopunguza mwendo na kuongeza nguvu, bodi ndogo ya umeme, na voliumu. Ndiyo, voliumu, ya aina ile ile iliyomo kwenye kitufe cha kuongezea sauti redioni. Imefungwa chini ya kishina, kwa hiyo kishina kikigeuka nayo inageuka, na bodi inajua mkono uko wapi.

Waya tatu ni hizi: kahawia ni hasi, nyekundu ni chanya, rangi ya chungwa ni ishara. Kwenye servo za kampuni ya Futaba utakuta nyeusi, nyekundu na nyeupe, mpangilio ule ule. Angalia kwamba nyekundu iko katikati. Ndiyo maana ukikosea ukachomeka plagi kinyume, mara nyingi servo inanyamaza tu na haiungui.

Hatua ya 2: Elewa inachosikiliza

Kwenye waya wa chungwa servo hupokea mipigo ya umeme, kwa kawaida 50 kwa sekunde, yaani mmoja kila milisekunde 20. Inachopima ni urefu wa kila mpigo. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni katikati. Wa milisekunde 1 ni upande mmoja, wa 2 ni upande wa pili. Utaratibu huu umerithiwa kutoka kwa watu wa ndege za mfano, na ndiyo sababu servo ile ile inamtii rimoti na inamtii Arduino bila kubadilishwa kitu.

Bodi ya servo inalinganisha urefu wa mpigo na pale voliumu ilipo. Zikitofautiana, inaisukuma mota mpaka zikubaliane. Sasa fikiri mkono umezuiwa na kitu. Mota haikati tamaa. Itasukuma, itanguruma, itakula umeme wote inaoweza kuupata, mpaka kitu kimoja kishindwe: gia, mota, au chakula chenyewe.

Hatua ya 3: Ilishe

SG90 iliyotulia bila mzigo inakula miliampea 10 hivi au pungufu. Ikitembea inapanda hadi kati ya 100 na 250. Ikikwama kabisa inafika kati ya 500 na 700. Hizi za mwisho ndizo za kupangia, kwa sababu kila servo inapoanza kuondoka ilipokuwa, kwa kitambo kifupi sana inakula karibu kama iliyokwama.

Linganisha na kilichopo. Tundu la kawaida la USB la kompyuta limepangiwa miliampea 500, na Arduino Uno ina fyuzi yake ya miliampea 500 inayojirudisha yenyewe. Servo moja isiyo na mzigo itapita. Ya pili inaanza kuomba. Ya tatu ikijiunga, volti zinashuka, bodi inazimika na kujiwasha upya.

Dalili hiyo utaitambua kwa macho. Kwenye Uno kuna taa ndogo imeandikwa L. Kila servo inapoanza kutembea, ukiona taa ya L inapepesa haraka haraka kisha programu inaanza mwanzo, bodi imezirai kwa njaa. Ubaya wake ni kwamba ikiamka inaituma servo tena pale pale mwanzoni, servo inakula tena, bodi inazirai tena. Unaona mkono unaruka-ruka mahali pamoja kama kuku aliyechinjwa, nawe unahangaika kutafuta kosa kwenye programu. Programu haina kosa.

Dawa ni kuipa servo umeme wake peke yake. Njia ninayoipenda kwa mezani ni chaja ya simu. Kata ule waya wa zamani wa USB, ambua ganda, ndani utakuta waya nne, kwa kawaida nyekundu, nyeusi, kijani na nyeupe. Kijani na nyeupe zifunike kwa utepe, hazituhusu. Nyekundu na nyeusi ndizo chanya na hasi, lakini rangi usiziamini mpaka testa ikuonyeshe volti 5 bila alama ya kutoa mbele. Nimeshakutana na waya ambao nyekundu yake ilikuwa hasi. Chaja za kuchaji haraka hazina neno, kwani bila simu ya kuzungumza nazo hubaki kwenye volti 5. Ila kama chaja yako ina tundu jipya la Type-C na waya ni Type-C pande zote mbili, ukikata hutapata kitu, maana chaja hiyo haitoi umeme mpaka itambue kifaa upande wa pili. Tumia ile ya tundu pana la zamani.

Pawabanki? Inafaa, yenye kasoro moja: nyingi hujizima zikiona matumizi ni madogo. Servo ikitulia dakika moja, pawabanki inadhani umeshachomoa simu, inalala. Umeme wa nyumbani ukikatika nitaitumia, lakini kwenye chombo kilicho majini siiweki.

Betri nne ndogo za AA za kuchaji zinatoa volti 4.8, na hizo ni chakula halisi cha SG90. Nne za kawaida zikiwa mpya ni volti 6, bado zinavumilika. Betri ya mstatili ya volti 9, ambayo mara nyingi huja ndani ya vifurushi vya kujifunzia, iache. Volti inazo, pumzi haina. Ikidaiwa nusu ampea inalegea papo hapo.

Halafu kuna 18650, betri za kompyuta mpakato kuukuu ambazo mafundi tunazipenda kwa sababu hupatikana kirahisi. Moja ikijaa ni volti 4.2. Mbili zikifungwa mfululizo zikajaa ni 8.4. Nilishawahi kujiambia "si ni saba na nukta nne tu" nikaziunga moja kwa moja kwenye SG90. Servo ilicheza kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, sekunde kumi hivi, nikawa natabasamu. Kisha harufu ya plastiki, kisha moshi mwembamba kama wa udi ukatoka pale waya zinapoingilia. Ukitaka kutumia betri mbili, weka katikati kishusha volti, kama ile bodi ndogo yenye maandishi LM2596. Kina skrubu ndogo ya shaba ambayo huzungushwa mizunguko mingi kabla volti hazijaanza kushuka. Zungusha testa ikiwa imeshikizwa kwenye mdomo wa kutokea, servo ikiwa mbali, mpaka isome 5. Kikitoka dukani kinaweza kuwa kimewekwa volti yoyote.

Sasa kufunga. Waya mwekundu wa servo uende kwenye chanya ya chaja. Waya wa kahawia uende kwenye hasi ya chaja. Waya wa chungwa uende pini 9 ya Arduino. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, chukua waya mmoja zaidi kutoka pini ya GND ya Arduino uufikishe kwenye ile ile hasi ya chaja. Bila waya huo servo ina chakula lakini haisikii, kwa sababu mpigo wa ishara hupimwa kuanzia hasi, na hasi mbili zisizoshikana ni kama watu wawili wanaobishana urefu wa mlima huku kila mmoja anaanzia kupima kwenye bonde lake. Chanya ya chaja na pini ya 5V ya Arduino zisiguswe pamoja, kila moja ibaki kwao.

Kapasita iweke karibu na servo, mguu mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye hasi. Upande wenye mstari uliochorwa ubavuni ndio hasi. Ukigeuza, itavimba na pengine kupasuka, na sauti yake si ya kitoto. Kazi yake ni kuwa akiba ya mdomoni: servo inaposhtuka na kuhitaji umeme mwingi kwa ghafla, inachota hapo kwanza.

Servo zikizidi mbili usipitishe chakula chao kwenye bredibodi. Vibanio vyake ni vyembamba, vinapata moto na kula volti njiani. Lehemu waya nene kidogo, bredibodi ibaki na ishara tu.

Hatua ya 4: Iamshe ikiwa katikati

Usifunge mkono wowote wa plastiki bado. Kishina kiwe uchi. Pakia programu hii:

#include "Servo.h"
Servo usukani;

void setup() {
  usukani.attach(9);
  usukani.writeMicroseconds(1500);
}

void loop() {
}

Servo itaruka kidogo, itasimama. Hapo ni katikati. Sasa, umeme ukiwa bado unawaka, chomeka mkono wa plastiki ukiwa umesimama wima na ubavu wa servo. Utaona haukai sawasawa kabisa, umelala upande kidogo, kwa sababu kishina kina meno na mkono unakubali kuingia kwa hatua za jino moja moja. Jaribu kuugeuza mkono kichwa chini miguu juu, au tumia pembe nyingine ya ule mkono wa msalaba, mpaka upate ulio karibu zaidi. Kilichobaki utakirekebisha kwa kubadili 1500 iwe 1480 au 1530.

Anayefunga mkono kabla ya kuitafuta katikati atalipia baadaye. Utamwona ana servo inayogeuka nyuzi 120 upande mmoja na 60 upande wa pili, anailaumu China.

Hatua ya 5: Tafuta mipaka yake

Maktaba ya Servo ya Arduino, usipoiambia kitu, huchukulia kwamba nyuzi 0 ni mpigo wa mikrosekunde 544 na nyuzi 180 ni 2400. SG90 yako huenda haifiki huko. Ukiipeleka, inagonga ukuta wake wa ndani na kuanza kunguruma. Mngurumo huo ni mota iliyokwama. Usiuzoee.

Weka hii ndani ya loop:

for (int u = 1000; u <= 2000; u += 10) {
  usukani.writeMicroseconds(u);
  delay(20);
}
delay(1000);

Mkono utatembea taratibu kwa sekunde mbili, utapumzika, utaruka kurudi. Sasa panua kidogo kidogo: badala ya 1000 weka 950, kisha 900, ukisikiliza kila mara mkono ukifika mwisho. Siku ukisikia mngurumo au ukahisi mtetemo kwa kidole, rudi nyuma 50. Fanya vivyo hivyo upande wa 2000. Namba mbili utakazopata ziandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa servo yenyewe. Ninazo servo kumi na tatu kwenye kopo na hakuna mbili zenye namba sawa, ingawa tisa kati yake zilitoka kwenye mfuko mmoja.

Baada ya hapo unaweza kuzifungia ndani ya programu: usukani.attach(9, 600, 2300), ukiweka namba zako, na servo haitapelekwa nje ya mipaka hata ukikosea hesabu.

Hatua ya 6: Kabla hujaitwisha mzigo

SG90 huandikwa 1.8 kg·cm kwa volti 4.8. Maana yake: kwenye mkono wa sentimita 1 kutoka kwenye kishina, inaweza kuzuia kilo 1.8 na hapo imefika mwisho wa nguvu zake, imekwama. Ukirefusha mkono, uzito unapungua kwa kiasi hicho hicho. Sentimita 10, gramu 180. Na huko ni kukwama, si kufanya kazi. Mimi hupanga theluthi moja: kwenye mkono wa sentimita 10, gramu 60, yaani yai moja la kuku.

Kwa hiyo ukiona mchoro wa roboti yenye mkono wa sentimita 25 unaonyanyua chupa ya maji ya nusu lita kwa SG90, jua aliyechora hajaijenga. Chupa hiyo peke yake, kwenye mkono wa sentimita 4 tu, tayari inaishinda. Na usisahau kwamba kwenye mkono wa roboti servo ya begani inabeba pia servo ya kiwiko na ya kiganja.

Ukizidi servo sita hivi, waya za ishara zinakuwa kichaka. Hapo nunua kidude cha PCA9685, bodi ndogo ya kugawia ishara: kinaongoza servo 16 kwa waya mbili tu za mawasiliano. Kina sehemu mbili za umeme, VCC ni ya ubongo wake na V+ ni ya servo. V+ ndiyo ipate ile chaja.

Hatua ya 7: Ikiendelea kusumbua

Inatetemeka ikiwa imetulia, haina mzigo: kwanza umeme, pili ule waya wa hasi ya pamoja, tatu urefu wa waya wa ishara. Kama vyote viko sawa na inatetemeka pale pale siku zote, ikipita pembe fulani, voliumu ya ndani imechakaa mahali hapo. Hakuna dawa ila kuibadilisha, au kuitumia pembe nyingine.

Inazunguka lakini mkono hausogei, unasikia kra-kra-kra: jino la gia limekatika. Legeza skrubu nne ndefu za chini, nyanyua kifuniko cha juu taratibu, na kabla hujagusa chochote piga picha kwa simu. Gia zimepangana juu ya vijiti viwili vyembamba na zikimwagika mezani utaapa kwamba mojawapo imezidi. Servo mbili zilizokufa za mfuko mmoja mara nyingi hutoa moja nzima. Grisi iliyomo usiifute.

Taa uliyoifunga pini 9 au 10 inagoma kufifia tangu uweke servo: kwenye Uno, maktaba ya Servo huchukua uwezo huo wa pini hizo mbili hata kama servo yenyewe iko pini nyingine. Hamisha taa.

Hatua ya 8: Ngalawani

Huku Arduino hatuihitaji. Kipokezi cha rimoti kinatoa mipigo ile ile tuliyoiona. Mota ya propela inapitia kwenye kidhibiti mwendo chake, na vidhibiti vingi vinatoa pia volti 5 kupitia waya mwekundu wa plagi yake, ambazo zinalisha kipokezi na servo. Soma maandishi yake uhakikishe. Ukiamua kuweka betri ya pembeni kwa ajili ya kipokezi, chomoa ule waya mwekundu wa kidhibiti kwenye plagi na uufunike. Vyanzo viwili vya umeme havilali kitanda kimoja.

Servo isikae ngamani, maji ya kwanza kuingia hukusanyika huko, na SG90 haikuzibwa. Iweke juu kidogo, karibu na tezi, kwenye kipande cha mbao kilichogundishwa. Chini ya masikio yake mawili ya skrubu mimi huweka vipande vya ndala kuukuu, vinameza mtetemo wa mota vizuri. Maji ya chumvi ni adui wa pekee: yakiingia, suuza kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, anika, na usitegemee sana.

Fimbo ya kuunganisha mkono wa servo na kana ya usukani (mkono wake wa kugeuzia) usiitengeneze kwa spoku ya baiskeli, watu hujaribu, ni nene kwa vile vitundu. Kibanio kikubwa cha karatasi kilichonyooshwa kinaingia vizuri. Kunja ncha zake kwa umbo la Z zisichomoke. Inapotoka nje ya bodi ya chombo ipitishe ndani ya kipande cha mrija uliojazwa grisi, kiwekwe juu ya usawa wa maji.

Sasa vipimo, hapa ndipo ufundi ulipo. Mpigo wa rimoti kutoka milisekunde 1 hadi 2 huigeuza servo nyuzi 45 hivi kila upande. Usukani wa chombo hauhitaji zaidi ya nyuzi 30 na ushee, ukizidi hapo hausukumi tena, unakuwa breki. Basi tumia kitundu kilicho milimita 7 kutoka kwenye kishina cha servo, na kwenye kana toboa milimita 10 kutoka kwenye mhimili. Servo ikigeuka nyuzi 45, usukani utageuka 30, na nguvu ya servo imeongezeka bila kulipia kitu.

Washa rimoti kwanza, mwendo ukiwa chini, ndipo chombo. Ukizima, chombo kwanza. Geuza kulia: upande wa nyuma wa usukani uende kulia. Ukienda kushoto, usifungue kitu, tafuta swichi ya kugeuza upande kwenye rimoti. Kisha gusa usukani kwa vidole viwili, upeleke kwa rimoti hadi mwisho kila upande na usikilize. Servo ikinguruma, punguza ukomo wake kwenye rimoti. Waya wa antena ya kipokezi usiulaze chini ya usawa wa maji, maana mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini. Usisahau kuweka kipokezi kiwe kinazima mota mawasiliano yakikatika. Jaribu nchi kavu: propela ikizunguka, zima rimoti, uone kama inasimama.

Safari ya kwanza ifanye maji yanapojaa, upepo ukielekea ufukweni, na mshipi wa kuvulia wa mita 30 umefungwa kwenye omo, mwisho wake mkononi mwako. Ya kwangu ilikwenda vizuri dakika nane, ikageuka nilivyotaka, watoto wakashangilia, nikaona mshipi unanitia aibu nikaukata. Dakika ya kumi na moja fimbo ilichomoka kwenye kana kwa sababu upande mmoja sikuwa nimekunja Z, nilikuwa nimebandika gundi tu. Mvuvi mmoja aliniletea chombo jioni, akakataa pesa, akataka nimfungulie aone kilichomo ndani. Akaishika servo, akaisikiliza inavyonguruma, akaniuliza kwa nini kidude kidogo hivi kinalia njaa.

Nilipopima, betri ilikuwa imebaki na volti 3.1.